Gitaa la Shabani wa Baleni

Hamisi hana kawaida ya kuandika maneno mengi kwenye simu. Juzi aliniandikia hivi: "Bi Hadia tumemzika leo baada ya alasiri. Wiki iliyopita alikuulizia. Alisema, yule mwalimu wa maswali yuko wapi siku hizi?" Nilikuwa Dodoma, kwenye mgahawa ulio nyuma ya ofisi yetu, sahani ya wali maharage mbele yangu, na wenzangu wakibishana kuhusu mpira. Nikalaza simu kifudifudi. Sikulia. Bi Hadia hakuwa ndugu yangu. Tulikutana mara chache, zote ndani ya mwaka mmoja, na kila mara mazungumzo yetu yalikuwa juu ya gitaa ambalo sikulinunua. Lakini wali ulinishinda, na wenzangu waliponiuliza kama naumwa, nilishindwa kueleza kwamba amefariki mtu aliyewahi kuniuliza swali nikamjibu ukweli, na ukweli ule haukumsaidia yeyote.

Nilifika Mafia nikiwa na shahada ya kemia, begi moja, gitaa moja, na msimamo kwamba hakuna jambo duniani lisilostahili kuulizwa. Ajira zilikuwa bado hazijatoka, nikakubali kujitolea kufundisha sekondari moja ya Kilindoni. Nilipanga chumba nyuma ya nyumba ya mama muuza vitumbua: kuta za matofali ya saruji zisizopigwa lipu, dirisha moja linalotazama migomba, godoro sakafuni, na harufu ya nazi na iliki iliyoanza kupanda kabla ya adhana ya alfajiri. Kupitia dirisha lile nilisikia maisha ya mtaa mzima: nani kanuniwa na mkewe, kuku wa nani kaliwa na nani, pweza leo kapanda bei. Kanisani nilikuwa nimeacha kwenda tangu mwaka wa pili wa chuo. Sikuacha kwa hasira. Kila nilipouliza nilijibiwa kwa upole, na mimi niliona upole si jibu. Nikimtazama kijana yule sasa naona alikuwa mtu wa kuchosha. Ungempa chai angekuuliza kwa nini tangawizi.

Gitaa langu halikudumu. Hewa ya kisiwani ina chumvi na unyevu unaopenya mpaka kwenye gundi. Asubuhi moja nilikuta kile kibao kinachoshika nyuzi tumboni mwa gitaa kimeng'oka chenyewe na ubao wa juu umepasuka. Wiki hiyohiyo kinanda cha kwaya ya kanisa dogo la sisi watu wa bara nacho kilizimika kisiwake tena, na Mama Joy akanifuata nyumbani. Alikuwa muuguzi hospitalini na mlezi wa kwaya, mwenyeji wa Njombe aliyekaa Mafia muda mrefu kiasi cha kuwashinda wenyeji kwa kupika pweza.

"Mwalimu Festo, nasikia unapiga gitaa."

"Nilikuwa napiga. Na kanisani siendi, Mama Joy, nisikudanganye."

"Kwani nimekuuliza unaamini nini? Nimekuuliza unapiga nini." Alikaa kwenye ndoo yangu ya maji, iliyofunikwa, ambayo ndiyo ilikuwa kiti cha wageni. "Ila usije na kagitaa kama ka mtoto. Hao sopano wangu wana sauti za kunguru, wanameza kila kitu. Tafuta lile dude kubwa."

Dude kubwa wapigaji huliita jumbo. Ni gitaa kavu, halitaki umeme, lina kifua kipana na makalio mapana zaidi. Ukilikumbatia kidevu kinakaribia ubao, na ukilipiga, aliyekaa mlangoni mwa kanisa anasikia. Jipya lisingepatikana kisiwani, na la kuagiza kutoka Dar lingevuka bahari kwenye shehena ya saruji na kufika vipande. Nikaanza kutafuta la mtumba. Nilimuuliza kila mtu. Bwana Murtaza, ambaye duka lake pale Kilindoni lina misumari, vitenge, tochi, na kila kitu ambacho babu yake aliwahi kushindwa kuuza, alipanda ngazi akashusha gitaa dogo lililofungwa nyuzi za mshipi wa kuvulia.

"Hizi ni za kuvulia changu, Bwana Murtaza."

"Ndiyo. Hazipati kutu."

"Na shingo imepinda."

"Mwalimu, hata yangu imepinda. Mbona mke wangu hajanirudisha dukani?"

Ni Hamisi aliyenipa habari ya jumbo. Alikuwa akifundisha Kiswahili darasa la jirani na langu, mtu wa Baleni, mwenye utani hata na mkuu wa shule. Nilipomwambia ninachotafuta, hakunitania. Aliweka chaki mezani akasema, "Jumbo liko moja tu kisiwa hiki, na mwenyewe tumemzika majuzi." Mwenyewe alikuwa Shabani, mtoto wa mama yake mkubwa. Shabani alikuwa akipiga gitaa kwenye mahoteli ya Utende, wageni wakila, na mgeni mmoja alipoondoka alimwachia jumbo lake. Siku ya ajali alikuwa akirudi nyumbani kwa bodaboda, gitaa mgongoni. Pale unapokaribia kuingia Baleni pikipiki iliteleza mchangani, Shabani akatupwa kwenye shina la mnazi. Gitaa lilikatika mkanda, likarukia shamba la mihogo. "Halina mkwaruzo," Hamisi alisema. "Mimi ndiye niliyeliokota. Mkwaruzo mmoja hakuna. Sasa mama mkubwa anataka litoke mle ndani."

Tulikwenda Jumamosi mchana. Nyumba ilikuwa ya udongo, imeezekwa bati, na mbele yake kulikuwa na baraza iliyofagiliwa ikabaki na alama za ufagio kama nywele zilizochanwa. Nilitegemea kumkuta mama mkubwa kwa umbo pia. Bi Hadia akatoka, mwanamke mdogo, mwembamba, aliyejitanda khanga mpaka mashavuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

"Pole kwa msiba."

"Tushapoa."

Alituwekea mihogo ya nazi na chai ya rangi, akakaa kwenye mkeka akiwa amegeuza uso upande. Mlango wa ndani ulikuwa na pazia la kitenge, na nyuma ya pazia niliona kivuli cha mtu aliyeketi. Hamisi akaninong'oneza kwamba ni Salma, mke wa Shabani, yuko edani: miezi minne na siku kumi hatoki, haonekani na wanaume wasio wake. Nikamnong'oneza, akiugua je? Akihitaji mtu wa kumjulia hali je? Nani alipima hiyo miezi? "Festo," Hamisi alisema, "kula mhogo."

Baada ya kula Hamisi aliingia ndani, akatoka na kitu kikubwa kilichoviringishwa shuka jeupe. Alivyokilaza mkekani kwa uangalifu, na shuka lile, na umbo lile lenye mabega na kiuno, ungedhani amelazwa mtu. Kisha nikalifungua. Sijawahi kuona gitaa lililotunzwa vile katika hewa ya bahari. Rangi ya asali, ubao wa juu umeng'aa pale mkono wake ulipokuwa ukisugua. Nikainua mkono kugusa nyuzi, na Hamisi akaushika.

"Hapa pana msiba. Usilipige."

Gitaa la mtumba halinunuliwi bila kulisikia. Ni kama kununua kuku kwenye gunia. Lakini nilikuwa nimejifunza kulikagua, nikalikagua kimyakimya. Nililiinua usawa wa jicho nikachungulia shingo kuona kama imepinda, ilikuwa imenyooka. Nikatoa kikaratasi mfukoni nikajaribu kukipenyeza chini ya kibao cha nyuzi kuona kama gundi imeachia, hakikupenya. Nilipitisha kiganja tumboni kutafuta uvimbe. Nikazungusha funguo moja baada ya nyingine, nusu mzunguko na kurudi, huku nimeziba nyuzi kwa kiganja zisitoe mlio. Mwisho nikaegemeza sikio kwenye ubao na kugonga taratibu kwa kifundo cha kidole, kama daktari, nikisikiliza kama kuna mbao zilizolegea ndani. Nilipolipindua, kitu kikagonga tumboni mwake: ka, ka.

"Nini hicho?" Bi Hadia aliuliza. Lilikuwa swali lake la kwanza.

Nikalitikisa mpaka kikaangukia mkekani. Kilikuwa kipande cha plastiki ya manjano, kimekatwa kutoka kwenye kifuniko cha ndoo ya mafuta na kusuguliwa kikawa na umbo la jani. Cha kupigia nyuzi. Bi Hadia alikiokota, akakitazama pande zote mbili, akakifunga kwenye pindo la khanga yake. Halafu akanigeukia.

"Ukilichukua, utalipiga?"

Sikuelewa. "Nalinunua nilipige, mama. Kanisani. Si mahali pabaya."

"Kokote kule." Alinyoosha shuka lililokuwa limekunjamana, kona kwa kona. "Mwanangu, mtu akiacha kisima, watu wakinywa, thawabu zinamfuata kaburini. Sasa huyu kaacha hili. Likilia kwako, anaulizwa yeye kule. Kila likilia. Mimi sitaki pesa yako. Mimi nataka mtu alichukue likae kimya. Wewe utalining'iniza ukutani tu?"

Hapo ningeweza kunyamaza. Lakini nilikuwa kijana yule, na nikaona mwanya kwenye hoja. "Mama, kama inamfuata aliyekuwa nalo, basi inamfuata na yule mgeni aliyempa. Na fundi aliyelichonga. Na mwenye msitu." Hamisi alinikanyaga mguu.

Bi Hadia alifikiri kweli, bila kukasirika. "Huenda," alisema. "Hao wana mama zao."

Aliposimama kwenda jikoni kutazama chungu, pazia lilitikisika. "Kaka mwalimu," sauti ilisema, ya msichana, chini sana. "Mwambie hutalipiga. Lichukue. Kisha ulipige."

"Shemeji, siwezi kumwambia..."

"Kaniachia nini kingine? Wewe lichukue tu. Nikitoka eda nitapita huko kwenu Jumapili, nitasimama barabarani, nisikie. Sitaingia."

"Salma, ingia ndani," Hamisi alisema.

"Niko ndani, Hamisi. Nitaingia ndani wapi tena?"

Tulirudi Kilindoni mikono mitupu. Bi Hadia hakutufukuza. Alisema atafikiri, na kwamba litaamuliwa kabla ya hitima ya arobaini. Njia nzima Hamisi alinilaumu. Kwa nini nisiseme neno moja la uongo, likamtuliza mama, gitaa likapona, na Salma akapata cha kusikiliza? Nilimwambia si kazi yangu kuunga mkono ushirikina. Akasema, "Huungi mkono kitu, unaunga mkono watu." Nilikuwa na jibu la hilo pia, ila silikumbuki, na nadhani halikuwa zuri.

Jumapili ile nilikwenda kwa Mama Joy kumwambia asubiri. Alikuwa kwenye ua wa nyumba za watumishi, anampigapiga pweza kwenye jiwe kumlainisha, mikono yake imejaa ute mpaka kwenye viwiko. Nilimsimulia yote kama kichekesho: mama anayeamini gitaa linampeleka mtu mahakamani akiwa kaburini. Hakucheka. Aliacha kumpiga pweza.

"Shabani nilimpokea mimi," alisema. "Hamisi hajakwambia?"

Hamisi hakuwa ameniambia. Mama Joy alieleza taratibu, akitazama jiwe. Shabani alifikishwa hospitalini akiwa bado na fahamu. Walijua hatafika popote. Alikuwa amepasuka ndani. Wakamruhusu mama yake aingie. Bi Hadia alimshika mkono, akainama sikioni akawa anamtamkisha shahada, neno baada ya neno, ili aifuate, maana kwao mtu akiondoka na maneno yale mdomoni ameondoka salama. Alitamka, akasubiri. Akatamka tena, akasubiri. Shabani akafumbua macho akasema, wazi kabisa, "Mama, gitaa langu liko wapi?"

"Yule mama alianguka pale pale," Mama Joy alisema. "Tukamtoa nje. Kwake yeye hayo ndiyo maneno ya mwisho ya mwanawe. Sasa wewe nenda kamwambie habari za mwenye msitu."

Nilikaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Kuku walikuwa wakinyemelea pweza. Baada ya muda nikauliza kama kweli ndiyo yalikuwa ya mwisho.

Mama Joy alimfukuza kuku mmoja. "Aliishi kidogo baada ya hapo. Nilikuwa namwekea hewa. Midomo yake ilikuwa inatembea."

"Ilisema nini?"

"Hakukuwa na sauti."

"Na hukumwambia mama yake?"

"Nimwambie nini? Kwamba midomo ilitembea? Atauliza kama ulivyouliza wewe. Mtu anayekufa midomo hutembea, Festo, hata ya asiye na dini. Sisi hatubuni."

"Ungemwambia tu kwamba alitamka."

Aliniangalia kwa mshangao, kisha kwa kitu kama huruma. "Wewe? Wewe ndiye unanifundisha kudanganya?"

Nikiutazama mwaka ule kutoka hapa nilipo, naona kwamba siku hiyo ndipo nilipoanza kuogopa. Hadi hapo nilikuwa nadhani shaka ni kitu kinachofungua milango. Uliuliza, watu wakababaika, nawe ukatoka nje kwenye hewa safi. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kukaa ndani ya shaka kama Salma alivyokaa nyuma ya pazia, bila mahali pengine pa kuingia.

Hamisi alikuwa na mpango. Alimwomba Maalim Bakari, aliyemfundisha Kurani yeye na Shabani wakiwa wadogo, aje kuzungumza na Bi Hadia, na akanitaka nami niwepo, kimya, ili ruhusa ikitolewa niondoke na gitaa hapohapo. Maalim alikuwa mzee mnene, mwenye pumu, aliyevaa koti la suti juu ya kanzu. Alikunywa chai yote kwanza. Kisha akazungumza vizuri, nasema vizuri nikiwa mtu nisiyependa hotuba. Alisema muziki ule hakuupenda na alimkataza Shabani kwa mdomo wake, lakini kila mtu ataulizwa lake. Anayepiga leo ni mwingine na hesabu ni yake. Shabani anachohitaji ni dua ya mama, basi. "Mpe mwalimu gitaa lake, Hadia. Jipumzishe."

Bi Hadia alisikiliza mpaka mwisho, pindo la khanga mkononi. "Maalim, una hakika?"

"Hivyo ndivyo tulivyosomeshwa."

"Nimesikia. Nauliza kama una hakika."

Maalim alivuta pumzi yake ya pumu, ikachukua muda kutoka. Alikuwa mtu mwaminifu, na huo ndio ulikuwa msiba wa mchana ule: hapakuwa na mwongo pale barazani. "Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi," alisema.

"Basi huna." Akanigeukia. "Na wewe? Hamisi anasema umesoma chuo kikuu, unafundisha watoto vitu vya maabara. Anasema huamini hata ya kwenu. Niambie wewe, kwa ulivyosoma. Una hakika kule hakuna kitu? Una hakika haulizwi?"

Hamisi alinitazama kwa macho ya kuniomba. Nyuma ya pazia kivuli kilikuwa kimesogea karibu kabisa na kitambaa. Nilijua la kusema. Nilikuwa nimelisema bwenini miaka miwili, kwa sauti kubwa, mbele ya watu wa maombi: hakuna kitu, mtu akifa amekufa, kemia imekwisha. Wakati ule halikumgharimu mtu. Sasa alikuwa mbele yangu mama mmoja anataka kulitumia neno hilo, kuliegemeza mzigo wake wote, nami nikalichungulia kama nilivyochungulia shingo ya gitaa, nikaona haliwezi. Nilikuwa sijui. Nilikuwa sijawahi kujua. Nilikuwa nimependa tu kuuliza.

"Sina hakika, mama," nilisema.

Alitikisa kichwa polepole. "Ahsante kwa kutonidanganya. Mmoja wenu angekuwa na hakika ningewapa. Lakini nyote mnakisia, na aliye kule ni wangu. Siwezi kumwachia mwanangu makisio." Akamwambia Hamisi alirudishe gitaa ndani. Pazia lilipofunguliwa kumpisha, niliona mkono wa Salma tu, umeshika mwimo wa mlango, kucha zimekatwa fupi. Haukusogea kumpisha. Ilibidi Hamisi ainame apite chini yake.

Nilimsimulia Mama Joy jioni ile. Aliuliza tu hitima ni siku gani.

Siku ya hitima tulifika Baleni kabla ya adhuhuri, yeye kwa gauni la maua na khanga kichwani, mimi kwa shati nililokopa. Wanaume walikuwa wamejaa barazani na misahafu. Wanawake walikuwa uani, nyuma ya ua wa makuti. Hamisi alikuwa pembeni ya nyumba akipika pilau kwenye sufuria kubwa iliyokaa juu ya mawe matatu, na akanipa mwiko nimsaidie kugeuza, kwa hiyo nilisimama mahali ambapo niliona pande zote mbili. Nikauliza kama gitaa limeondoka. Alielekeza kidevu chini. Chini ya sufuria, kati ya vipande vya mnazi, kulikuwa na shingo iliyonyooka, nyeusi tayari. "Kalipasua mwenyewe kwa shoka alfajiri," alisema. "Nilitaka lichomwe kando, wali usinuke rangi. Kasema hapana, litumike, liwe limefanya kitu kwa hitima yake." Tumbo lilikuwa bado halijashika moto, lilikuwa limeegemezwa ubavuni mwa jiwe, nyuzi zikiwa zingali kwenye kibao chake, kwa upande wa juu bado zimevutwa mpaka kwenye shingo ile, ambayo shoka halikuitenganisha na tumbo. Hamisi alilisukuma ndani kwa ukuni. Gundi ilipoyeyuka nyuzi zilianza kukatika, mmoja mmoja, wa chini kwanza. Ule wa kwanza ulitoa sauti nene, ndefu, iliyotikisa mpaka mfuniko. Ndivyo nilivyolisikia jumbo lile. Barazani usomaji ulisita kidogo, ukaendelea. Ndani ya nyumba mtu alilia mara moja, kama aliyeungua, akanyamaza.

Bi Hadia alikuwa ametoka uani aliposikia. Alisimama anatazama moto. "Hata motoni," alisema, si kwetu. Uso wake haukuwa wa mtu aliyepumzika. Nilikuwa nimedhani angalau hilo angelipata.

Mama Joy alimfuata kutoka kule kwa wanawake. Sikusikia alivyoanza. Nilisikia tu Bi Hadia akisema, "Baada ya mimi kutolewa?" na Mama Joy akisema, "Baada ya wewe kutolewa." Halafu, "Ilisema nini?" Nikasimamisha mwiko. Mama Joy alisema hapakuwa na sauti, hivyo asimuulize maneno, ila kama anataka atamwonyesha ilivyokwenda.

"Nionyeshe."

Walikuwa wamesimama karibu na ua wa makuti, muuguzi mkubwa wa kutoka Njombe na mama mdogo wa Baleni, nyuso zimetengana kiasi cha kiganja. Mama Joy alifumba macho. Kisha midomo yake ikaanza kutembea. Ilifunguka, ulimi ukagusa juu, ikafunguka tena, ikakusanyika kidogo, ikaachia. Ilichukua muda wa pumzi moja. Bi Hadia aliitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Tena," alisema.

Mama Joy alirudia, vilevile.

"Tena."

Safari ya tatu midomo ya Bi Hadia nayo ikaanza, bila sauti, ikifuata, na wote wawili wakawa wanakwenda pamoja, na kutoka nilipokuwa sikuweza tena kujua nani anamfuata nani. Ilipokwisha, Bi Hadia aliweka kiganja kwenye taya la Mama Joy, akakiacha pale. Machozi yalikuwa yakimtoka bila uso kubadilika. Kisha akajifuta na khanga, akageukia upande wetu, akasema kwa sauti ya kawaida ya mwenye shughuli, "Hamisi, pakua. Watu wana njaa."

Tulikula. Nilikuwa nimekaa kwenye sinia moja na Maalim Bakari, aliyenisukumia vipande vya nyama upande wangu kwa vidole vyake. Sahani iliyopelekwa ndani kwa Salma ilirudi kama ilivyokwenda.

Jioni tulirudi kwa bajaji, mimi na Mama Joy nyuma, dereva akiwa ameziba masikio kwa redio. Mama Joy alikuwa ameegemea chuma, macho yamefumbwa, khanga imemteleza mabegani. Nilikuwa nikimtazama midomo. Miaka yote ile wodini, akiwa amesimama pembeni ya vitanda ambavyo mama na baba wameinama sikioni mwa mgonjwa, wakitamka yaleyale. Alishindwaje kuyajua yanavyokwenda? Na kama aliyajua, alichoonyesha pale kilitoka kwa Shabani au kilitoka kwake?

"Uliza," alisema, bila kufumbua macho.

Nikamwambia wali ulikuwa mtamu.